Kitabu kimoja, wachezaji watano: je, toleo jipya linaweza kuinua hesabu za Hasbro?

Kila Jumamosi baada ya alasiri, kwenye kibaraza cha nyumba ya dada yangu hapa Chumbageni, vijana watano huizunguka meza ya plastiki wakiwa na penseli, karatasi, dadu zenye pande nne hadi ishirini, na kitabu kimoja kinene ambacho jalada lake limeanza kuachia. Kitabu hicho ni cha mpwa wangu, aliyeujua mchezo wa Dungeons & Dragons alipokuwa akisoma Dar es Salaam na akarudi nao Tanga. Yeye ndiye msimamizi wa mchezo: anasimulia, anaamua adui atatokea wapi, na wenzake wanaigiza wahusika wao, wakirusha dadu kila panapokuwa na jambo linaloweza kufaulu au kushindikana. Mimi hupita pale kunywa kahawa na kusikiliza. Kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vitabu na vifaa vya shule kule Ngamiani, kwa hiyo habari za mazimwi si fani yangu, lakini habari za bei, mali iliyoko rafuni na mapato ya mwezi ndizo zinazonilisha.

Siku aliyopata habari kwamba vitabu vya toleo jipya la kanuni za mchezo huo vimetoka, mpwa wangu aliniamkia kisha akaniambia kwa furaha, “Mjomba, sasa ile kampuni itapumua.” Alikuwa amesoma kwamba Hasbro, kampuni ya Marekani inayoumiliki mchezo huo kupitia kampuni yake tanzu ya Wizards of the Coast, imepita katika miaka migumu. Nilimjibu kwamba kitabu kuuzika vizuri ni jambo moja na kampuni mama kupumua ni jambo jingine. Hakuridhika na jibu hilo fupi, na nilimwahidi kwamba nitaliandika kwa urefu. Ndiyo haya.

Kwanza ni lazima tuujue ukubwa wa kinachotakiwa kuinuliwa. Hasbro ilianzishwa mwaka 1923 katika jimbo la Rhode Island, na leo ndiyo mwenye Monopoly, Transformers, Play-Doh na vitu vingine vingi vya watoto. Iliinunua Wizards of the Coast mwaka 1999 kwa takriban dola milioni 325, miaka miwili tu baada ya Wizards nayo kuinunua TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo wa Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Mwaka 2023 Hasbro ilipata mapato ya dola bilioni 5 hivi, lakini ikaufunga mwaka kwa hasara ya karibu dola bilioni 1.5. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikutokana na michezo kabisa. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kuinunua kampuni ya filamu na televisheni ya eOne kwa takriban dola bilioni 4, kisha ikalazimika kuishusha thamani katika vitabu vyake vya hesabu na hatimaye kuuza sehemu kubwa yake kwa Lionsgate kwa dola milioni 500 hivi, wakati huohuo vitu vya kuchezea vya kawaida vikiwa vimedorora madukani. Mwaka huohuo wa 2023 ilitangaza mara mbili kupunguza wafanyakazi, watu 1,000 hivi mwezi Januari na wengine 1,100 mwezi Desemba.

Kwa hiyo shimo lilichimbwa na filamu na vitu vya kuchezea. Anayeamini kwamba kitabu cha kanuni za mchezo kitalifukia shimo hilo anapaswa kukubali kuhesabu pamoja nami.

Kitabu cha wachezaji cha toleo jipya kilitoka Septemba 2024, cha msimamizi wa mchezo kikafuata Novemba, na cha viumbe kikatoka Februari 2025. Bei ya jaladani ya kile cha kwanza ni dola 50 kasoro senti, yaani zaidi ya shilingi laki moja na ishirini elfu kabla hujamlipa mtu wa kukuletea. Tuseme, kwa kukisia tu, kwamba nusu ya bei hiyo inabaki kwa msambazaji na mwenye duka, na mchapishaji anapata dola 25 kwa kila nakala. Tuseme pia kwamba zimeuzwa nakala milioni moja, idadi ambayo mchapishaji yeyote wa vitabu angechinja mbuzi kwa ajili yake. Mapato ni dola milioni 25. Mapato ya Hasbro nzima mwaka 2024 yalikuwa takriban dola bilioni 4.14. Milioni 25 katika bilioni 4.14 ni kama senti sitini katika kila dola mia moja. Ukivichukua vitabu vyote vitatu, kila kimoja milioni moja, unafika milioni 75, ambazo bado hazifiki dola mbili katika kila mia. Na hapo sijatoa gharama za karatasi, rangi, wachoraji, meli na mishahara ya walioandika.

Mpwa wangu alipoziona hesabu hizi alisema nimeonea mchezo wake kwa kuupima na kampuni nzima. Ana haki kidogo. Kitengo cha Wizards pamoja na michezo ya kidijitali ndicho chenye faida nzuri ndani ya Hasbro: mwaka 2024 kiliingiza takriban dola bilioni 1.5 na kubakiza kama dola 42 katika kila mia kuwa faida ya uendeshaji, kiwango ambacho wauza midoli hukiota usingizini. Lakini ukifungua kitengo hicho na kutazama ndani, unakuta kwamba mwenye nyumba ni Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliotoka mwaka 1993, ambao mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza katika milki ya Hasbro kuvuka dola bilioni moja kwa mwaka. Hata katika mwaka uleule ambao toleo jipya la Dungeons & Dragons lilizinduliwa, kitengo kilikua kwa kama asilimia 4, na kilichoonekana kukisukuma zaidi ni malipo ya leseni ya Monopoly Go!, mchezo wa simu uliotengenezwa na kampuni nyingine, ambao uliiletea Hasbro zaidi ya dola milioni 100. Wizards walitangaza kwamba kitabu kipya cha wachezaji kiliuzika haraka kuliko bidhaa yoyote ya mchezo huo iliyowahi kutoka, na sina sababu ya kutowaamini. Hata hivyo, bidhaa inayouzika haraka kuliko zote katika historia ya miaka hamsini, kisha ikawa vigumu kuiona katika jedwali la mapato, yenyewe imeshajibu nusu ya swali letu.

Kwa nini karata zinaingiza bilioni na kitabu hakiingizi? Jambo hili sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa na mtu, kwa sababu tunalo kila siku mbele ya macho. Tazama bao. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na fundi akishalichonga kutoka mti mzuri, litachezwa na mwenyewe, na wanawe, na pengine wajukuu. Wazee wanaocheza barazani hawajawahi kutangaziwa toleo jipya la kanuni za kunamua, na hata likitangazwa nadhani watalicheka. Mchongaji anauza mara moja, basi. Sasa itazame kanga. Mwanamke mwenye doti thelathini kabatini hanunui ya thelathini na moja kwa sababu amekosa vazi. Ananunua kwa kuwa jina ni jipya, nakshi ni mpya, shughuli inakuja, na jirani ameshainunua. Kanga ya mwaka jana haiharibiki, lakini haimzuii kununua ya mwaka huu.

Magic ni biashara ya kanga. Kila baada ya miezi michache hutoka seti mpya, na anayetaka kushindana ni lazima anunue, tena ananunua pakiti zilizofungwa bila kujua ndani mna nini. Seti moja iliyotumia wahusika wa The Lord of the Rings, ya mwaka 2023, ilileta zaidi ya dola milioni 200; iliyotumia wahusika wa Final Fantasy, ya Juni 2025, ilitajwa kufikisha milioni 200 kwa siku moja. Dungeons & Dragons ni biashara ya bao. Ukishakuwa na kitabu, dadu na marafiki, kampuni haina tena cha kukuuzia kwa lazima, kwa sababu bidhaa yenyewe inatengenezwa na midomo yenu pale mezani. Tena si kila mchezaji anayenunua. Mwaka 2022 aliyekuwa mkuu wa Wizards aliwaambia wawekezaji kwamba mchezo huu hautoi fedha kulingana na umaarufu wake, na akaeleza kwamba wasimamizi wa michezo ni kama sehemu moja ya tano ya wachezaji, lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya manunuzi. Mmoja kati ya watano! Niliposoma hivyo nilikiona kibaraza cha dada yangu.

Hapa naomba niingize habari za duka, kwa sababu zimenifundisha kuhusu matoleo mapya kuliko ripoti za wawekezaji. Mtaala ulioboreshwa wa shule ulipoanza kutumika Januari 2024, tuliuza vitabu kwa kasi ambayo sikumbuki kuiona tangu nishike kalamu ya duka lile. Wazazi wa shule binafsi walipanga foleni hadi nje. Mwenye duka aliniuliza kama tuagize mara mbili ya ile ya kwanza. Nilichukua daftari na kumwonyesha mambo mawili. La kwanza, mauzo ya miezi ya Oktoba hadi Desemba yalikuwa yamekufa kabisa, kwa kuwa kila mzazi alishasikia kwamba vitabu vinabadilika na akaifunga mkoba wake akisubiri. Sehemu ya foleni ile ya Januari ilikuwa ni wateja wa Novemba waliochelewa kwa makusudi. La pili, rafu nzima ya vitabu vya zamani ilikuwa imelala, na hadi leo maboksi mawili yapo stoo yakila vumbi. Ukitoa vile vilivyolala kutoka katika faida ya vile vilivyokimbia, mwaka ule ulikuwa mzuri, lakini haukuwa mwaka wa ajabu kama foleni ilivyotuaminisha. Na mwanafunzi, tofauti na mchezaji, analazimishwa na mwalimu kununua kipya.

Historia ya mchezo huu imejaa maboksi ya stoo. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, likafanya vizuri, pamoja na leseni huria iliyoruhusu wachapishaji wengine kutunga vitabu vinavyotumia kanuni zake. Mwaka 2003 tu ikaja marekebisho yaliyoitwa 3.5, na wenye maduka waliokuwa wamejaza vitabu vya kanuni za 2000 wakabaki navyo. Toleo la nne la mwaka 2008 lilibadilisha mambo mengi mno kiasi kwamba wachezaji wengi waligoma kuhama, na kampuni ya Paizo ikachukua kanuni za zamani zilizokuwa chini ya leseni huria, ikazitengeneza upya na kuzitoa mwaka 2009 kwa jina la Pathfinder. Toleo jipya lililokusudiwa kuongeza mapato likamzalia mwenyewe mshindani. Toleo la tano, la mwaka 2014, ndilo lililokwenda kinyume na mazoea: halikuanza kwa kishindo kikubwa kisha likazama, bali liliendelea kukua mwaka baada ya mwaka, likisaidiwa na vipindi vya watu wanaocheza mbele ya kamera kama Critical Role kuanzia 2015, na mfululizo wa televisheni wa Stranger Things kuanzia 2016. Kilicholiinua ni watu wapya kuingia mchezoni, na hao hawakuja kwa kuwa kanuni ya kurusha dadu imebadilishwa.

Ndiyo maana naliona toleo la 2024 lilizaliwa likiwa limefungwa mikono. Kampuni ilikuwa na kumbukumbu ya 2008, na kubwa zaidi ilikuwa na kidonda kibichi cha Januari 2023, pale rasimu ya kuibana ile leseni huria ilipovuja, wachezaji wakafuta kwa wingi usajili wao wa kulipia katika huduma ya intaneti ya mchezo huo, na kabla mwezi haujaisha Wizards ikasalimu amri na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia na ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Baada ya hapo isingethubutu kuwaambia watu kwamba vitabu vyao vya zamani havina kazi. Ikasema vitabu vipya vinakwenda pamoja na vile vya 2014. Lakini muuzaji anayemwambia mteja kwamba cha zamani bado kinafaa amekwisha kumpa sababu ya kurudi nyumbani na fedha yake mfukoni. Akisema ni kipya kabisa, wateja watamkimbia. Akisema ni kilekile kilichopigwa pasi, hawataona haraka ya kununua. Sijui kama yupo mfanyabiashara ambaye angepita vizuri katika uchochoro huo.

Mtu anaweza kunikatiza hapa na kunitajia Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ambayo Desemba 2024 iliingia katika kundi la kampuni mia moja kubwa zaidi katika soko la hisa la London, na ambayo hutoa toleo jipya la Warhammer 40,000, mchezo wake wa vita wa mezani, takriban kila baada ya miaka mitatu: 2017, 2020, 2023. Mfano huo ni mzuri, na ndio unaonipa uhakika zaidi. Games Workshop haiishi kwa kitabu cha kanuni. Inaishi kwa sanamu ndogo za plastiki ambazo inazitengeneza katika viwanda vyake na kuziuza katika maduka yake, na kitabu kipya kinapobadilisha nguvu za jeshi fulani, mchezaji anajikuta anahitaji kikosi kingine, na gundi, na rangi, na brashi. Pia haina kampuni mama ya midoli juu yake inayosubiri kuokolewa. Toleo jipya linaloleta ongezeko la kawaida linaonekana mara moja katika hesabu zake, kama vile samaki mmoja anavyoonekana katika ngalawa lakini hapotezi wala haongezi kitu katika meli.

Hasbro wanaijua tofauti hiyo, na kwa hiyo matumaini yao hayakuwa kwenye karatasi. Mwaka 2022 waliinunua D&D Beyond, huduma ya intaneti ambayo mchezaji huhifadhi mhusika wake na kununua kanuni kidijitali, kwa takriban dola milioni 146. Wazo lake linaeleweka hata kwa mtu wa Ngamiani: kama kitabu kinamfanya mmoja alipe na wanne wachungulie, basi akaunti ya simu itamfanya kila mmoja alipe, tena kila mwezi. Kihesabu, hilo ndilo jambo pekee katika toleo jipya ambalo lingeweza kubadilisha ukubwa wa mapato na si tarehe ya mapato tu. Lakini njia imekuwa na makorongo. Agosti 2024 ilitangazwa kwamba baadhi ya kanuni za zamani ndani ya huduma hiyo zingefunikwa na mpya, wateja waliokwisha kuzilipia wakalalamika, na uamuzi ukabadilishwa ndani ya siku chache. Meza ya kidijitali ya picha za pande tatu, iliyoitwa Sigil, ilitolewa mapema mwaka 2025, na Machi ya mwaka huohuo sehemu kubwa ya timu iliyoijenga ikapunguzwa kazini.

Fedha kubwa iliyotokana na jina la Dungeons & Dragons katika miaka hii ililetwa na watu wa nje. Larian, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3 Agosti 2023, na Hasbro ikasema kwamba mchezo huo uliiletea takriban dola milioni 90 mwaka huo kwa njia ya leseni. Kwa kipimo changu cha dola 25 kwa nakala, hizo ni sawa na vitabu milioni tatu na laki sita, bila kununua hata rimu moja ya karatasi. Filamu ya mchezo huu, iliyotoka mwaka huohuo, ilikusanya zaidi ya dola milioni 200 katika kumbi za sinema, lakini iligharimu kama milioni 150 kuitengeneza, na ukikumbuka kwamba kumbi nazo hukata fungu lao, haikuwa harusi. Kwa hiyo naona kazi ya kifedha ya toleo jipya ni kuliweka jina hai na kuwabakisha kina mpwa wangu mezani, ili siku moja mwingine kama Larian aje kubisha hodi akiwa na fedha zake mwenyewe. Kazi hiyo ina thamani, ila haiandikwi katika mstari wa mapato wa robo mwaka, na mwekezaji aliyenunua hisa kwa sababu kitabu kimetoka amenunua kwa sababu isiyo yake.

Nilimsomea mpwa wangu rasimu ya haya yote Jumamosi iliyopita, wenzake wakiwepo. Hakukubaliana nami kuhusu toleo la nne, ambalo anasema lilionewa. Kisha niliwauliza wote watano, kwa uungwana tu, ni nani kati yao anayekusudia kununua kitabu kipya. Wanne walimgeukia yeye kumtazama. Yeye alikifunga kile cha zamani, akalibana jalada kwa vidole ili lisiachie zaidi, akasema yupo mtu anayekuja kutoka Nairobi mwezi ujao, ataona.